Ofisi ya advaiza chuoni kwetu baada ya kufumuliwa upya: nyota 4, na ile ya tano nimewanyima makusudi

Wadau, hasa nyie wabeba boksi wenzangu huku Marekani mnaowaza kurudi shule, leo nafanya rivyu ya kitu ambacho sijawahi kuona mtu wetu anakifanyia rivyu. Watu wanarivyu kampuni za kutuma hela, wanarivyu mchele wa duka la Wahindi, wanarivyu mpaka saluni ya dada wa Kisenegali anayesuka mpaka unalia, ila ofisi ya advaiza hamna. Na hii ofisi imenilia miaka kuliko kitu chochote tangu nishuke kwenye ndege, afu ofisi hiyo hiyo ndo imekuja kuniokoa. Jina la chuo sitaji. Ni chuo cha jamii, hivi vya miaka miwili, sisi kwa utani tunakiita chuo cha kata, kipo huku katikati ya Marekani kwenye baridi.

Kwa ambao hamjui, advaiza ni yule mtu wa chuo anayekuelekeza uchukue kozi gani, uanze na ipi, umalize lini. Kwetu Tanzania huyu mtu huna shida naye sana maana ukishachaguliwa programu umeshapangiwa, ratiba imebandikwa ukutani, mnaingia kundi moja mnatoka kundi moja. Huku unapewa menyu. Mamia ya kozi, chagua mwenyewe, na zingine ukila hazikushibishi, yaani umelipa, umefaulu, lakini hazihesabiwi kwenye digrii yako. Mtoto ambaye mama yake alisoma chuo anaambiwa hayo mezani wakati wa chakula cha jioni. Mimi mezani kwetu palikuwa na shemeji anayeendesha lori na kaka anayepakia mizigo usiku, sasa nani angeniambia?

Nilianza 2018. Ofisi ya zamani ilikuwa ghorofa ya chini, unachukua namba kama benki, unakaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima, ukiitwa una dakika 15, na kila ukienda unakutana na mtu mpya unaanza hadithi upya tangu Tanga. Siku ya kwanza nikamwambia yule mama nataka unesi. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akarudi kwenye skrini, akasema unesi una ushindani sana, vipi hujawaza kitu kama msaidizi wa wauguzi? Nikamwambia mama, mimi tayari ni CNA, huyo huyo msaidizi wa wauguzi, nimetoka shifti sasa hivi, hizi nguo nilizovaa si za mapambo. Akacheka, nikacheka, tukaendelea. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini na siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba kuna binti mzungu tunafanya naye kazi nyumba ile ile ya wazee, cheo kile kile, alienda ofisi ile ile mwezi ule ule, akatoka na karatasi imeandikwa anatomia, kemia, saikolojia, semesta kwa semesta mpaka mwisho. Mimi nikatoka na karatasi ya kwenda kufanya mtihani wa kupangiwa darasa.

Huo mtihani nao niacheni. Hakuna aliyeniambia unaruhusiwa kujiandaa, hakuna aliyeuliza cheti cha kidato cha nne ambacho Basic Mathematics nina C yangu nzuri tu, niliyoitolea jasho. Nikaufanya saa mbili asubuhi baada ya shifti yenye urefu wa saa 12, macho yanafunga, maswali ya sehemu na asilimia yanaogelea kwenye kompyuta. Matokeo: hesabu ngazi mbili chini, Kiingereza ngazi moja chini. Kwa hiyo semesta tatu za kozi za sifuri, unalipa, unafanya homuweki, unapewa maksi, na kwenye digrii ni ziro. Na kumbuka Pell Grant, ile hela ya serikali ya wenye kipato kidogo, ina kikomo cha semesta 12 maisha yako yote. Nilikuwa nakula akiba bila kujua kuna akiba inayoliwa.

Siku ya kwanza nimeingia kwenye lile darasa la hesabu nikaangalia huku na huku. Weusi wa hapa, Walatino, vijana wawili wa Kikongo wenye Kiswahili chao cha Bukavu (tukafurahi sana, darasa likageuka kijiwe), na mzungu mmoja mtu mzima aliyefungiwa kiwanda. Jengo la pili, darasa la hesabu ya kweli, rangi zimegeuka. Hakuna sheria iliyosema weusi kule. Ni mtihani mmoja, dakika 15 za advaiza, na nani ana mtu wa kumwambia "usikubali, omba kurudia". Basi.

Sehemu zingine walishashtuka mapema. Tennessee vyuo vyao vya jamii viliacha huo utaratibu 2015, wakawa wanamuingiza mwanafunzi moja kwa moja kwenye kozi yenye krediti (zile pointi zinazohesabiwa kwenye digrii) na kumuongezea saa za msaada pembeni, California wakatunga sheria 2017. Sisi bado tulikuwa tunapanga foleni.

Afu juu ya hapo nikajichanganya mwenyewe. Nilisoma sosholojia mbili na kozi ya historia ya sanaa, eti kwa sababu muda wake ulikaa vizuri na shifti zangu. Krediti 9 zimekwenda na maji. Nikashindwa kemia. Ikaja barua ya kwamba sijatimiza kiwango cha maendeleo, huku unatakiwa ufaulu kama asilimia 67 ya krediti ulizojaribu la sivyo wanakata msaada. Nikabaki na deni la dola 286, wakafungia usajili wangu. Dola 286! Nikasema shule si yangu. Hiyo ni 2019.

Sasa hapa ndo rivyu yenyewe inaanza, samahani kwa utangulizi mrefu.

Nimerudi 2022 kwa sababu chuo chenyewe kilinipigia. Nilidhani ni madai. Kumbe wameifumua ile ofisi yote. Walikaa wakaangalia takwimu zao, wakaona mwanafunzi mweusi na mzungu wanaingia mlango mmoja, maksi za kuanzia zinafanana, lakini baada ya mwaka mweusi hayupo, na badala ya kuuliza wanafunzi weusi wana tatizo gani, safari hii wakauliza ofisi yetu ina tatizo gani. Haya nimeyasikia kwenye semina ya kukaribisha waliorudi, yule mkuu wa kitengo alionyesha mistari miwili ukutani, mmoja unashuka taratibu mwingine unaporomoka, ukumbi ukanyamaza kabisa.

Walichobadilisha cha kwanza: kila mwanafunzi ana advaiza wake mmoja, kuanzia unaingia mpaka unamaliza. Wangu ni mama wa Kimarekani mweusi, umri wa mama yangu mdogo. Akaniambia nimwite jina lake la kwanza, nikashindwa, ulimi haukubali, nikawa namwita mama, yeye mwenyewe kazoea na sasa hivi akipiga anasema ni mama wa chuo hapa. Ana wanafunzi kama 250. Zamani, anasema, walikuwa wanagawana zaidi ya 900 kila mmoja. Ukiwa na watu 900 hata jina huwezi kushika, unashika namba tu.

Na hii ya idadi si porojo. New York, CUNY, yaani chuo kikuu cha umma cha jiji, wana programu yao inaitwa ASAP tangu 2007, advaiza mmoja alikuwa na wanafunzi 60 mpaka 80, wakati wanafunzi wa kawaida kwenye vyuo hivyo hivyo walikuwa 600 mpaka 1,500 kwa advaiza mmoja. Wanapewa na kadi ya basi na treni bure, vitabu, na ada ikipelea inafidiwa. Watafiti wa shirika la MDRC wakapanga watu kwa bahati nasibu, hawa ndani hawa nje, wote wa kipato kidogo na wengi wao wamepangiwa zile kozi za sifuri. Baada ya miaka mitatu waliokuwa ndani wamehitimu asilimia 40, waliokuwa nje 22. Watu wale wale jamani, mitaa ile ile! Kwa hiyo mtu akikwambia weusi na wahamiaji hawataki shule mwambie alete kadi ya basi kwanza.

Cha pili, na hiki ndo kimenifanya niandike yote haya, hawasubiri uende. Wiki ya tatu ya semesta niko kazini usiku, nimejificha chumba cha mashuka nakula wali wa jana, simu inaita, saa moja na nusu jioni. Ni yeye. "Nimeona hujafungua kozi ya kemia siku sita, kuna nini?" Moyo ukapiga, nikajua nimeshtakiwa. Nikaanza kujitetea, samahani mama, kazi nyingi, mtoto aliumwa. Akanikatisha, akasema sikukupigia kukugombeza, niambie tu, ni muda, ni hela, au ni kemia yenyewe? Nikakaa kimya kidogo. Maana hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kunipa machaguo. Nikasema ni kemia yenyewe, na kitabu sijanunua. Kesho yake kitabu nimeazimwa, Alhamisi nina mtu wa kunifundisha saa 4 asubuhi baada ya shifti, na shifti yangu ya Jumatano alinisaidia kuandika barua ya kumuomba bosi aisogeze. Kemia nilipata B.

Unaona, ule mfumo wa zamani ulikuwa unasema mlango uko wazi, njoo ukiwa na shida. Inasikika vizuri. Lakini sisi tumelelewa kwamba ofisini huendi mpaka uitwe, na ukienda unaenda na barua, na mkubwa akiwa bize unarudi kesho. Niliwahi kumsimulia mwenzangu wa darasani, binti mweusi wa hapa hapa, kizazi cha tatu au cha nne kwenye mji huu, nikadhani yeye hana hiyo shida maana Kiingereza chake, nchi yake. Akaniambia yeye alikuwa haendi kwa sababu nyingine kabisa, kila akienda wanamshauri kitu chepesi zaidi ya alichoomba, na mama yake na bibi yake walishawahi kufanyiwa hivyo hivyo, wao familia nzima walishajifunza kutokwenda. Mimi naogopa ofisi kwa heshima, yeye anaikwepa kwa uzoefu. Kwenye kompyuta ya chuo sote tunaonekana kitu kimoja: mwanafunzi hakutafuta msaada.

Na hapo niseme kuhusu kile kiboksi. Unapojaza fomu unaweka tiki kwenye Black or African American, haya, nimetiki, mimi mtu wa Tanga ambaye kabla sijaja sijawahi kuamka asubuhi nikawaza kuwa mimi ni mweusi. Huyo binti katiki hapo hapo. Wale vijana wa Bukavu waliokulia kambini wametiki hapo hapo. Sasa ukituchanganya ukapata wastani, wastani huo ni wa nani? Kijana wa Kikongo anahitaji mkalimani wa kumsomea barua ya msaada wa fedha, binti anahitaji asisukumwe pembeni, mimi nilihitaji mtu wa kupokea cheti cha NECTA na kukiheshimu. Walirekebisha nusu, siku hizi kwenye fomu ya chuo kuna sehemu ya kuandika lugha ya nyumbani, na wana mtu wa Kiswahili siku ya Jumanne. Nusu nyingine bado.

Hela. Ile 286 yangu waliifuta kwenye mfuko mdogo wa dharura, mama alijaza fomu mwenyewe tukiwa kwenye simu. Wazo hili nimesoma limetokea chuo kikuu cha Georgia State kule Atlanta, waligundua watu wanafukuzwa darasani kwa madeni ya dola mia kadhaa huku wamebakiza kidogo wahitimu, wakaanza 2011 kuwalipia tofauti, wastani kama dola 900 hivi. Georgia State ndo chuo kinachotajwa sana kwenye haya mambo. 2012 walianzisha mfumo wa kufuatilia alama zaidi ya 800 za hatari kwa kila mwanafunzi, na muhimu zaidi wakaajiri maadvaiza wengi kwa mpigo, na ikafika mahali wanafunzi weusi wanahitimu sawa au kuzidi wastani wa chuo kizima. Vyuo vingi vikaenda kuiga. Shida ni kwamba vingi viliiga kompyuta, watu hawakuajiri.

Ambayo inanileta kwenye nyota niliyonyima.

Chuo chetu nacho kina apu. Inakutumia meseji, inakuonyesha umebakiza krediti ngapi, sawa, nzuri, ingawa kuna wiki ilinitumia meseji 11 na mbili zikiwa za mwanafunzi mwingine kabisa. Ila siku moja nilikuwa ofisini kwa mama, akageuza skrini anionyeshe kozi, nikaona pembeni ya jina langu kuna duara jekundu. Nikauliza hiyo nini. Akasita. Akasema mfumo unakisia nani yuko kwenye hatari ya kuacha shule. Nikamwambia mbona semesta hii nina A mbili na B? Akasema ndiyo, lakini unaangalia na historia, na mambo mengine. Mambo gani? Hajui. Kweli hajui, kampuni haiwaambii yote.

Nikaenda nyumbani nikatafuta. Mwaka 2021 gazeti la mtandaoni The Markup lilitoa uchunguzi kwamba vyuo vikuu kadhaa vinavyotumia mfumo wa kampuni ya EAB vilikuwa vinaweka rangi ya mtu kama kigezo cha kukisia. Pale UMass Amherst mwanaume mweusi alikuwa na uwezekano karibu mara nne ya mzungu wa kubandikwa hatari kubwa, mwanamke mweusi karibu mara tatu. Texas A&M baada ya kuulizwa wakasema wataacha kutumia rangi. Sisemi cha kwetu kinafanya hivyo, nasema hakuna aliyeweza kunijibu, na hilo peke yake linatosha kukata nyota. Maana fikiria yule mama wa 2018, mwenye dakika zake 15 na watu 900, umpe na duara jekundu juu yake. Hapo hata haitaji kuniangalia mara mbili, ananipeleka moja kwa moja kwenye "hujawaza kitu kingine?". Kwa mama wangu wa sasa duara jekundu maana yake ni mpigie huyu leo.

Malalamiko mengine madogo madogo. Wanafungua hadi saa moja usiku siku mbili tu kwa wiki, watu wa shifti tunazigombania kama kiti cha daladala. Maadvaiza wanaondoka, mshahara mdogo, mwenzangu kabadilishiwa mara tatu ndani ya mwaka, sasa hapo ule utaratibu wa mtu mmoja uko wapi? Wale wa FAFSA nao, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, ya mwaka wa masomo 2024–25 ilichelewa mpaka mwisho wa Desemba 2023, afu ambao mzazi au mwenza hana namba ya Social Security wakakwama miezi, na ofisi yetu ilikuwa na majibu mawili tu, subiri, na subiri. Hilo la serikali najua, lakini wangeweza hata kupiga simu.

Na jina. Walivyoanza kile kitengo kilikuwa na maneno usawa wa rangi mlangoni kabisa. Sasa hivi, baada ya Texas kufunga ofisi za namna hiyo kwenye vyuo vya umma kuanzia Januari 2024, na Februari 2025 serikali kuu kuandikia vyuo vyote barua ya kuvitisha kwamba vitanyimwa hela za serikali vikiendelea na mambo ya rangi, jimbo letu nalo likaanza kukohoa, na bango limebadilishwa limeandikwa mafanikio ya wanafunzi wote. Mama anasema kazi ni ile ile. Nimemuamini. Ila zile chati za mistari miwili kwenye semina ya mwaka huu hazikuonyeshwa, nilizitafuta kwa macho.

Kwa hiyo kama unaenda kujiandikisha, popote pale, uliza advaiza mmoja ana wanafunzi wangapi, usione aibu, wanajua hiyo namba. Uliza kama lazima ufanye mtihani wa kupangiwa au wanapokea matokeo yako ya nyumbani, na kama ni lazima, usiende umetoka shifti. Omba mpango wa semesta zote kwenye karatasi siku ya kwanza. Na simu ya namba usiyoijua ikiita jioni pokea, si wote ni wadai.

Mimi nimebakiza krediti 14. Apu bado imeniweka njano. Jumatatu saa 11 jioni nina miadi na mama, nataka kumuuliza kama zile sosholojia mbili chuo cha miaka minne wanaweza kuzipokea nikihamia, akinijibu nitakuja kuongeza hapa chini.